Walimzidi kwa idadi bungeni, akaenda kuitafuta idadi mitaani

Chukulia wewe ni mbunge wa upinzani. Leo kuna kura ya mswada wa kodi, na tangu asubuhi, hata kabla hujamaliza chai, unajua mtashindwa. Wao ni wengi, nyinyi ni wachache, na kiranja wao ameshahesabu vichwa. Utafanyaje? Jibu tulilozoea ni moja: pigeni kelele, tokeni ukumbini kwa pamoja, simameni kwenye ngazi mhutubie wanahabari, jioni video isambae. Kesho yake mswada unapita, na bei ya unga haijui kama mlitoka ama mlibaki.

Aprili 2011, katika bunge la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kuna mwanamke aliyefanya kitu kinachochosha zaidi kuliko kupiga kelele. Alikaa chini akasoma. Anaitwa Stacey Abrams. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 37 na alikuwa na miezi michache tu kwenye wadhifa wa kiongozi wa wachache. Mbele yake kulikuwa na mswada wa chama cha Republican uliosikika mtamu ajabu: kodi ya mapato ipunguzwe. Nani anakataa makato ya mshahara yakipungua? Lakini huyu kabla ya siasa alikuwa wakili wa mambo ya kodi, na karatasi za aina hiyo hazikumtisha. Akapiga hesabu. Kumbe kile ambacho mwananchi angepewa kwa mkono wa kulia kilikuwa kinachukuliwa kwa wa kushoto, kupitia tozo nyingine kama ile ya huduma za televisheni ya kebo. Kwa hesabu yake, asilimia 82 ya watu wa Georgia wangeishia kulipa zaidi ya walivyokuwa wakilipa.

Angeweza kuiita kamera. Badala yake alichapisha uchambuzi wake na kuweka nakala kwenye dawati la kila mbunge, wakiwemo wale wa upande wa pili. Sasa jiweke kwenye viatu vya mbunge wa Republican. Chama chako hujinadi kila uchaguzi kwamba ndicho adui wa kodi, halafu mezani kwako kuna karatasi yenye tarakimu zinazoonyesha kwamba unakaribia kuwapandishia kodi watu wanane kati ya kila 10 kule nyumbani. Mswada ukafa. Upinzani haukuwa na kura za kuuangusha. Walioukimbia ni wenyewe.

Kama ulikuwa mtandaoni Juni 2024, hilo halikushangazi sana. Mswada wetu wa Fedha haukuwaka moto kwa sababu mheshimiwa fulani alitoa hotuba kali. Uliwaka kwa sababu vijana waliusoma kipengele kwa kipengele, wakaufasiri hadi kwa lugha za nyumbani, na mkate ukajulikana kuwa mkate. Tofauti ni kwamba Abrams alikuwa akifanya kazi hiyo akiwa ndani ya bunge, akilipwa kwa ajili yake, na akaifanya kwa zaidi ya miaka 10 bila kuonja utamu wa kuwa upande wenye wengi hata siku moja. Ndiyo maana nataka tumwangalie vizuri, mazuri yake na pale alipokosea, kwa sababu kuna mambo ya upinzani ambayo huku kwetu hatuyazungumzi sana.

Kwanza, ametoka wapi. Alizaliwa 1973 huko Madison, Wisconsin, lakini alilelewa Gulfport, Mississippi, mji wa pwani. Ni mtoto wa pili kati ya sita. Mama alikuwa mkutubi, baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuunda meli. Pesa hazikutosha, ila vitabu vilikuwepo. Baadaye wazazi waliamua kusomea uchungaji, wakahamisha familia nzima hadi Atlanta, jiji kuu la Georgia. Huko Stacey aliongoza darasa lake katika sekondari.

Mwaka wa 1991, wanafunzi walioongoza katika shule zao kote Georgia walialikwa kwenye makazi rasmi ya gavana. Yeye na wazazi wake hawakuwa na gari, wakapanda basi. Walipofika langoni, askari akawatazama, akatazama basi walilotoka, akawaambia kwamba hafla hii ni ya wageni maalum. Baba akabishana mpaka orodha ikaangaliwa, na jina lilikuwepo. Waliingia. Abrams amesimulia kisa hiki mara nyingi sana, na husema kwamba hakumbuki gavana wala wanafunzi wenzake. Anachokumbuka ni yule mtu langoni akimwambia kwamba hapa si pako. Nawe kama umewahi kusimamishwa kwenye lango la mtaa fulani wa Nairobi ukaulizwa unaenda kwa nani, huhitaji ufafanuzi.

Mwaka uliofuata, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Spelman, alishiriki maandamano kwenye ngazi za jengo la bunge ambapo bendera ya jimbo ilichomwa. Bendera hiyo ilibeba alama ya Shirikisho la kusini, yaani majimbo yaliyopigana vita ili utumwa ubaki, na alama hiyo ilikuwa imepachikwa 1956, wakati watu weusi walipokuwa wakidai haki zao. Waandamanaji walikuwa na kibali. Bendera yenyewe ilibadilishwa 2001. Lakini picha ya 1992 haikusahaulika. Ilikuja kufukuliwa wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2018, kama zinavyofukuliwa jumbe zako za zamani siku ukipata kazi ya maana.

Baada ya Spelman alisoma Chuo Kikuu cha Texas, kisha akasomea sheria Yale. Akiwa Yale ndipo alipoandika riwaya yake ya kwanza ya mapenzi. Naam, mapenzi. Ameandika nane kwa jina la Selena Montgomery, na hajawahi kuzionea haya hata wapinzani walipojaribu kumcheka kwazo. Alifanya kazi katika kampuni ya mawakili, na akiwa na miaka 29 akawa naibu wa mwanasheria wa jiji la Atlanta.

Alichaguliwa mbunge wa jimbo 2006, akaapishwa Januari 2007. Usije ukalichukulia bunge la jimbo kuwa sawa na bunge letu la kaunti. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina bunge lake lenye meno: linatunga sheria za jinai, linapanga shule na hospitali, linaweka kanuni za uchaguzi, na hata linachora mipaka ya maeneo ya wabunge wa kitaifa wanaoenda Washington. Lile la Georgia lina wabunge 180 na maseneta 56. Hukaa kwa siku 40 tu kwa mwaka, kuanzia Januari, na wakati wa Abrams mbunge alikuwa analipwa kama dola 17,000 kwa mwaka. Kwa hiyo karibu kila mbunge ana kazi nyingine. Waheshimiwa wetu wangegoma.

Chama chake cha Democratic kilikuwa kimetawala Georgia kwa zaidi ya karne nzima, sehemu kubwa ya muda huo kikiwa chama cha wazungu waliotaka ubaguzi uendelee, mpaka watu wakahamahama na vyama vikabadilishana sura. Kilipoteza Bunge la Wawakilishi katika uchaguzi wa 2004. Yaani Abrams alipofika, karamu ilikuwa imekwisha na vyombo vimeoshwa. Novemba 2010 mambo yakawa mabaya zaidi: chama kilipoteza kila wadhifa unaopigiwa kura na jimbo zima, na baadhi ya wabunge waliobaki wakavuka kwenda Republican kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na ugali. Hapo ndipo waliobaki walipomchagua awe kiongozi wao. Akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama katika bunge la Georgia na mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama katika Bunge la Wawakilishi. Heshima, ndiyo. Lakini ni heshima ya kukabidhiwa usukani wa matatu ambayo tairi zimeibwa.

Jambo la kwanza kubwa alilofanya liliwakasirisha wengi wa upande wake. Georgia ina mpango wa ufadhili wa masomo ya chuo uitwao HOPE, ulioanzishwa 1993 na unaolipiwa na pesa za bahati nasibu ya jimbo. Ukipata alama nzuri, unalipiwa karo. Kufikia 2011 pesa zilikuwa zinaisha, na gavana mpya wa Republican, Nathan Deal, alitaka kuupunguza. Kiongozi wa upinzani wa kawaida angepinga kutoka mwanzo hadi mwisho, apigiwe makofi na wanafunzi, na mswada upite hivyo hivyo. Abrams alienda kuongea na gavana. Alikubali kuunga mkono mabadiliko hayo, na sehemu ya alichopata ni mpango wa mikopo ya wanafunzi yenye riba ya asilimia 1. Ufadhili ukapungua, lakini haukufa.

Je, aliuza? Swali hilo lilimfuata miaka saba. Katika mchujo wa chama wa kuwania ugavana 2018, mpinzani wake aliitwa Stacey pia, Stacey Evans, mbunge mwenzake wa zamani aliyesomeshwa na pesa za HOPE. Evans alifanya jambo hilo kuwa silaha yake kuu: huyu alikaa meza moja na Republican wakapunguza karo za watoto wa maskini. Hoja nzito. Hata hivyo Abrams alishinda mchujo ule kwa takriban asilimia 76.

Mimi naona hapa pana somo gumu kuhusu upinzani, na sisi tuliozoea lugha ya salamu za mkono na serikali jumuishi tunapaswa kuliangalia kwa makini. Kuna kuongea na serikali ili upate kiti, na kuna kuongea nayo ili upate kitu kwa ajili ya watu. Abrams hakuchukua uwaziri. Alitoka kwenye mazungumzo akabaki pale pale, kiongozi wa wachache. Unaweza kusema alipata kidogo, na pengine ni kweli, lakini aliyepata ni mwanafunzi.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Wewe kama Mkenya unaijua theluthi mbili. Tumeimbiwa mpaka tumechoka. Bunge la Georgia lina viti 180, theluthi mbili ni 120. Chama kikifika 120 upande huo, na kikiwa na wingi kama huo katika Seneti, kinaweza kupitisha mabadiliko ya katiba yaende kwa wananchi bila kumsemesha mpinzani, na kinaweza kupuuza kura ya turufu ya gavana. Baada ya sensa ya 2010, Republican ndio waliochora upya mipaka ya maeneo. Kalamu ikiwa mkononi mwao, unajua ilivyotembea. Uchaguzi wa 2012 ulipofika, lengo lilikuwa wazi: 120.

Walipata 119. Democrats wakawa 60, na kiti kimoja kikachukuliwa na mgombea huru.

Ukitazama matokeo hayo haraka utasema upinzani umegaragazwa, na ni kweli: 60 kwa 119 ni kichapo. Lakini kile kiti kimoja walichokosa kilimaanisha kwamba jambo likiwa kubwa kweli kweli, bado mtu angelazimika kubisha hodi kwa wachache. Mwaka wa 2015, serikali ilipotaka pesa za barabara na uchukuzi kwa kubadilisha ushuru wa mafuta, baadhi ya Republican waligoma kwa sababu walinusa kodi. Kura za Democrats zikawa na bei. Hivyo ndivyo upinzani unavyoishi, kwa kujua ni siku gani mwenye nyumba ataishiwa chumvi.

Ila Abrams aliona mbele kidogo. Ukiendelea kuhesabu vichwa ndani ya ukumbi, utashindwa daima, kwa sababu vichwa hivyo vinaletwa na watu walio nje, na nje kulikuwa na watu wengi ambao hawakuwa kwenye sajili kabisa. Karibu thuluthi moja ya watu wa Georgia ni weusi. Ongeza Walatino, Waasia na vijana wanaohamia Atlanta kutafuta kazi. Kwa makadirio yake, watu 800,000 wasio wazungu waliostahili kupiga kura hawakuwa wamejisajili. Laki nane! Katika jimbo ambalo ugavana unaamuliwa kwa laki mbili tatu.

Basi akaanzisha kundi liitwalo New Georgia Project, kwa Kiswahili tungesema Mradi wa Georgia Mpya, na mwaka wa 2014 likawatuma watu mlango kwa mlango wakiwa na fomu. Usifikirie ni kazi ya kupendeza. Ni jua, mbwa, milango inayofungwa usoni, na yule jamaa anayekwambia kura yangu haisaidii. Unamjua. Huenda ni wewe. Katika uchaguzi wetu wa 2022, IEBC ilikuwa na wapigakura milioni 22.1 kwenye sajili, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40, idadi iliyoshuka ikilinganishwa na 2017. Katika nchi changa kama hii.

Kundi lile liliwasilisha zaidi ya fomu 86,000 mwaka huo. Na hapo likakutana na Brian Kemp. Kemp, wa Republican, alikuwa Katibu wa Jimbo, ofisi ambayo Georgia huitumia kusimamia uchaguzi. Aliliandama kundi kwa uchunguzi kuhusu fomu zilizodaiwa kughushiwa. Kundi nalo likalalamika kwamba maelfu ya majina halali hayakuingizwa kwenye sajili kwa wakati. Walienda kortini, kundi likashindwa. Ni ugomvi wa fomu na tarehe, hauna msisimko wowote, na kwa miaka minne iliyofuata ndio ulioamua siasa za jimbo zima.

Agosti 2017 Abrams alijiuzulu ubunge ili awanie ugavana. Upande wa pili akajitokeza nani? Kemp huyo huyo, na hakuachia ofisi yake. Ni kama mwenyekiti wa IEBC kujitosa kwenye mbio za urais, aendelee kukaa kwenye kiti chake huku karatasi zenye jina lake zikichapishwa. Mwezi mmoja kabla ya kura ikajulikana kwamba maombi 53,000 ya usajili yalikuwa yamesimamishwa, mengi kwa sababu jina halikulingana herufi kwa herufi na rekodi nyingine za serikali. Takriban asilimia 70 ya maombi hayo yalikuwa ya watu weusi. Kwa haki ya Kemp niseme hili pia: waliosimamishwa bado wangeruhusiwa kupiga kura wakifika na kitambulisho. Lakini ukiambiwa jina lako lina utata, ni wangapi watapanga foleni?

Katikati ya kampeni hizo alifanya jambo ambalo wanasiasa huliogopa kuliko kashfa ya mapenzi: alitangaza madeni yake. Zaidi ya dola 200,000, kati ya kodi iliyochelewa, mikopo ya chuo na kadi za mkopo. Akaandika waziwazi kwamba alikuwa akiwasaidia wazazi wake, baba akiwa ameugua saratani, na kwamba kudaiwa si sababu ya mtu kuzuiwa kuongoza. Wapinzani wakauliza, na swali lao halikuwa la kijinga, mbona alikopesha kampeni yake dola 50,000 huku akidaiwa kodi? Ukweli ni kwamba kama una HELB shingoni na ada ya ndugu zako mfukoni, utaisoma barua ile tofauti na mtu ambaye hajawahi kudaiwa.

Matokeo: Kemp asilimia 50.2, Abrams 48.8. Tofauti ya kura 54,723, kati ya karibu milioni 4. Georgia nayo ina sheria ya asilimia 50 na kura moja kama yetu ya urais, kwa hiyo Abrams alikuwa akiomba tu Kemp ateleze kidogo chini ya nusu ili waende duru ya pili. Hakuteleza.

Novemba 16, siku 10 baada ya kura, Abrams alisimama akasema kwamba Kemp atathibitishwa kuwa gavana na sheria haimpi njia nyingine ya kulizuia hilo, lakini hotuba yake isichukuliwe kuwa ni ya kukubali matokeo. Akaanzisha shirika la Fair Fight na kupeleka mfumo mzima wa uchaguzi mahakamani. Mashabiki wake walimpenda zaidi. Mimi nadhani ndipo alipojifunga bao. Kusema mfumo una kasoro ni sawa, na zilikuwepo. Lakini maneno yale yakabaki hewani, na miaka miwili baadaye Donald Trump alipokataa kushindwa Georgia, kila Republican alikuwa na jibu mdomoni: mbona yule wenu alianza? Si kesi moja, kwa sababu Abrams hakumpigia msimamizi simu amtafutie kura, jambo ambalo Trump alilifanya Januari 2021. Ila mtaani watu hawana muda wa kutenganisha. Kesi yenyewe iliamuliwa Septemba 30, 2022. Jaji, aliyeteuliwa na Barack Obama, alisema taratibu za Georgia hazikuwa kamilifu lakini hazikuvunja katiba wala sheria ya haki ya kupiga kura. Fair Fight ilishindwa kwa kila dai lililokuwa limebaki, baada ya kutumia mamilioni ya dola kwa mawakili.

Kabla ya hukumu hiyo, hata hivyo, ulikuja 2020. Joe Biden alishinda Georgia kwa kura 11,779, Mdemocrat wa kwanza kushinda jimbo hilo katika kura ya urais tangu 1992. Januari 5, 2021, Raphael Warnock na Jon Ossoff wakachukua viti vyote viwili vya Seneti ya taifa katika duru ya pili, na usukani wa Seneti ukabadilika. Dunia nzima ikamsifu Abrams. Picha zake zikachorwa ukutani.

Sifa zile zilikuwa kubwa kupita kiasi, tuseme tu. Kulikuwa na makundi mengine mengi, yakiongozwa zaidi na wanawake weusi ambao majina yao hukuyasikia. Vitongoji vya Atlanta vilikuwa vinabadilika vyenyewe. Na kuna kitu kimoja cha kuchekesha: tangu 2016 Georgia huwasajili watu moja kwa moja wanapochukua leseni ya udereva, na mfumo huo uliwekwa wakati serikali ya jimbo ikiwa mikononi mwa Republican. Watu wengi sana waliingia kwenye sajili kwa njia hiyo. Lakini mtu aliyekuwa akisema tangu 2014 kwamba jimbo hili linaweza kushindwa au kushindika kulingana na nani yuko kwenye sajili, wakati wakuu wa chama chake huko Washington hawakutaka kutupa pesa Georgia, ni huyu. Hilo hawezi kunyang'anywa.

Bunge lilijibu. Machi 2021, miezi miwili na nusu tu baada ya ushindi ule, wabunge wa Georgia walipitisha sheria mpya ya uchaguzi kwa kura 100 dhidi ya 75. Miongoni mwa mengine, ikawa kosa kumpa maji au chakula mpigakura aliye foleni karibu na kituo. Ona sasa: upinzani ulikuwa umeshinda urais na viti viwili vya Seneti, lakini kwenye ule ukumbi wa viti 180 bado walikuwa wachache, na ukumbi ule ndio unaoandika kanuni za mchezo.

Mwaka wa 2022 alirudi debeni dhidi ya Kemp. Sasa hakuwa yule mwanamke wa madeni. Vitabu na hotuba zilikuwa zimempa utajiri, na umaarufu wake ulikuwa wa kitaifa, jambo ambalo nyumbani huwa linakata pande mbili. Kemp naye alikuwa amejijengea jina kwa kumkatalia Trump. Alimshinda kwa karibu kura 300,000. Safari hii Abrams alimpigia simu usiku ule ule akakubali kushindwa.

Na lile kundi la kusajili wapigakura? Januari 2025 lilitozwa faini ya dola 300,000 na tume ya maadili ya jimbo baada ya kukiri makosa 16, likiwemo la kutotangaza mamilioni ya dola yaliyochangwa na kutumika katika uchaguzi wa 2018, sehemu yake kumsaidia Abrams. Yeye alikuwa ameshaacha uongozi wake, lakini ni yeye aliyelianzisha. Oktoba mwaka huo huo likatangaza kwamba linafunga milango. Ukiuliza mashabiki wake watakwambia ni mateso ya kisiasa. Nyaraka zinasema walikiri. Mtu aliyeangusha mswada kwa kusoma tarakimu, kundi lake likaanguka kwa tarakimu ambazo halikuzitangaza.

Nikirudi kwenye ukumbi. Chama alichokikuta kikiwa kimevunjika, kile cha viti 60 vya mwaka 2012, kilipata viti 80 katika uchaguzi wa 2024. Republican walibaki na 100. Bado ni wengi, bado ndio wanaopanga ajenda, bado spika ni wao. Kiongozi wa wachache wa sasa anaingia kazini asubuhi akijua karibu kila kura atashindwa. Ila kwenda 120, baada ya uchaguzi huo wa 2024 wenzake wa upande wa pili walihitaji viti 20, si kimoja.